Maji ya kuongeza kwenye kasiksi: nani analipa kuni?



Mara mingi gazeti letu linaongea juu ya mbegu, mbolea na bei ya soko. Leo nataka tuongee juu ya kitu ambacho kiko karibu katika kila kijiji chetu lakini hakionekani hata siku moja ndani ya rapoti: pombe ya ndizi, kasiksi. Tena si kasiksi yote. Ni yale maji ya baridi tu ambayo mtengenezaji anaongeza ndani yake.

Wazo langu ninaliweka mbele kabisa, ili hata asiye na muda wa kusoma yote aende nalo. Maji ya kuongeza kwenye kasiksi, kwenye mutobe na kwenye pombe ya mtama yanapaswa kupita motoni, kisha yapoe ndani ya chombo kilichofunikwa. Na gharama ya kuni hizo isibebwe na mama mtengenezaji peke yake. Hiyo ni kazi ya koperative.

Kitu ambacho hakipiti motoni

Angalieni vitu tunavyotia kinywani. Fufu inapita motoni. Sombe inapita motoni, maharagi vilevile, chai vilevile. Hata lotoko, pamoja na ubaya wake wote, inapita motoni. Lakini kasiksi haipiti. Ndizi zinaiva ndani ya shimo ama juu ya moshi siku nne, tano. Tunazimenya, tunazikamua na nyasi, tunachuja, tunaongeza maji, tunatia unga wa mtama uliokaangwa, tunafunika na majani ya mgomba. Kesho yake ama kesho kutwa watu wanakunywa. Mtama ulipita motoni, ni kweli. Lakini maji yalitoka kijitoni moja kwa moja, na kijito kile kile ndicho ng'ombe wanakunywa na nguo zinafuliwa.

Kwa pombe ya mtama na kwa munkoyo ya ndugu zetu wa Katanga, jambo linageuka kidogo tu. Kule uji unapikwa vizuri. Lakini uji ule ni mzito na unachoma, na mizizi ya munkoyo haiwezi kufanya kazi yake ndani ya uji wa moto namna ile. Basi mtu anafanya nini? Anamwaga maji ya baridi, ili joto lishuke na kipimo kiongezeke. Kazi yote ya moto ya asubuhi inaharibika kwa bidoni moja ya maji mabichi.

Viwanda vya bia ya chupa, sawa Primus, vinajua hatari hiyo. Kule maji ya nafaka yanachujwa, yanachemka muda mrefu, halafu yanapozwa ndani ya mabomba yaliyofungwa, pasipo mkono wala hewa ya nje kuyagusa. Yaani kupoza kwenyewe kunalindwa sawa vile kuchemsha kunalindwa. Sisi hatuna mabomba yale, lakini tunaweza kuwa na sufuria yenye kifuniko.

"Pombe inaua vidudu": kweli na si kweli

Mtu akigusa jambo hili, jibu la kwanza analopata ni hili: "Pombe inaua vidudu." La pili: "Njo vile tulikuta baba zetu wanafanya, na hawakufa." Majibu haya tusiyacheke, maana yanatoka kwa watu wanaojua kazi yao. Tuyapime.

Kwanza, nguvu ya pombe. Ile dawa ya kupaka mikononi tuliyopewa wakati wa Ebola na wakati wa Covid iko na alkoli ya 60 kwa 100 ama zaidi. Ndiyo sababu inaua vidudu. Kasiksi iko na alkoli kidogo sana pembeni ya ile, sehemu chache tu kwa 100. Inatosha kumlevya mtu, lakini kusafisha maji haiwezi.

Pili, uchachu. Hapa wazee wako na sehemu ya ukweli. Pombe ikichacha vizuri inakuwa kali, na kidudu cha kolera hakipendi ukali ule. Lakini watu wengi hawangoji. Wanapenda kasiksi ya siku ya kwanza, ikingali tamu, juu ndiyo inapanda bei. Tena kolera haiko peke yake. Vidudu vya kuhara damu vinavumilia ukali kuliko kolera.

Tatu, na hili ndilo linaniumiza zaidi: mutobe. Ile juisi tunayowapa watoto, wamama wenye mimba na wale waliokatazwa pombe na kanisa, haina alkoli wala uchachu. Kama mtu aliongeza maji mabichi ndani yake, basi mtoto wa miaka mitatu anakunywa maji ya kijito yenye sukari ya ndizi. Watu wazima kilabuni wako na kinga kidogo ya uchachu, lakini mtoto pale nyumbani hana kitu.

Kuhusu wababu zetu: wengi walikunywa na wakaishi, ni kweli. Lakini wao walichota maji kwenye chemchemi ambazo juu yake hakukuwa na nyumba wala kambi. Leo watu wamejaa kwenye vilima, vita vimewasukuma watu mahali pamoja, na choo cha mmoja kiko juu ya kisima cha mwingine. Anayekaa Uvira, Kalemie ama kando ya ziwa Kivu hahitaji kuelezwa kolera ni nini. Mwezi wa saba mwaka 1994, pale Goma, wakimbizi walikunywa maji yasiyo safi, na ndani ya majuma machache tu makumi ya maelfu walikufa kwa kolera na kuhara damu. Maji yale yalionekana tu kama maji.

Kwa nini watu wanajua lakini hawafanyi

Tusiseme kwamba wamama watengenezaji ni wajinga. Karibu wote walishasikia neno "chemsheni maji". Miradi mingi imekuja, imefundisha neno hilo, imekwenda. Tukitaka kujua kwa nini halifanyiki, tuangalie kazi yenyewe.

Sababu ya kwanza ni joto. Maji yaliyotoka motoni sasa hivi hayawezi kuingia ndani ya kasiksi. Kinachogeuza juisi kuwa pombe ni chachu, na chachu ni kitu chenye uhai. Maji yakiwa ya moto kiasi cha kuchoma mkono, chachu inakufa, na mama anapoteza mikungu yake yote. Basi siku ya kukamua, mama yuko na sufuria ya maji yanayotoa moshi upande huu, na bidoni ya maji ya baridi kutoka kijitoni upande ule. Atachukua gani? Anachukua ya baridi. Si kwa ubaya, ni kwa kulinda kazi yake. Kosa liko kwenye saa: maji yalipaswa kuchemshwa jana.

Sababu ya pili ni kuni na makala. Kuni zinakatwa mbali, na kila mahali tunajua hatari inayomngoja mwanamke anayekwenda mbali peke yake.

Sababu ya tatu ni soko. Mama mmoja akisema, "Mimi ninachemsha, kwa hiyo kikombe changu kimepanda," wateja wanahamia kwa jirani wa maji mabichi. Ladha ni ile ile, bei ya jirani iko chini. Mwenye kufanya vizuri anaanguka, na mwezi unaofuata anarudia njia ya zamani. Hapa ndipo mafundisho ya nyumba kwa nyumba yanakwama. Mtu mmoja hawezi kubeba gharama inayolinda watu wote.

Tulishapita njia hii kwa ugonjwa wa migomba, ule wa wilt. Mtu alikuwa akikata mgomba mgonjwa, halafu kwa panga lile lile anaingia ndani ya shamba zima. Tukafundishwa kupitisha panga motoni ama kuliosha na javeli, na kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda. Lakini mnakumbuka: mahali ambapo mtu mmoja tu alifanya, ugonjwa ulirudi kutoka kwa jirani. Mahali ambapo kilima kizima kilikubaliana, migomba ilisimama tena. Maji ya kasiksi ni vilevile.

Namna ya kuyatayarisha

Kazi yenyewe si ngumu. Siku ya kukamua inajulikana mbele, juu ndizi zimekaa siku kadhaa zikiiva. Basi muda wa kutayarisha maji upo.

1. Chota maji siku moja mbele ya kukamua. Kama yana matope, yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Maji machafu hayageuki meupe kwa kuchemka tu.

2. Chemsha mpaka yatokote kabisa, mapovu makubwa yapande kutoka chini. Yaache hivyo dakika 3 nzima. Sisi wa milimani tunakaa juu sana, na kwetu maji yanatokota mbele ya kufika nyuzi 100. Bukavu na Goma ni karibu nyuzi 95, na kule juu zaidi inashuka tena. Inatosha kuua vidudu, lakini tusiyatoe haraka.

3. Funika na uyaache yapoe ndani ya sufuria ile ile, usiku kucha. Usifunue ili yapoe upesi, usikoroge na mwiko, usichanganye na maji mabichi hata kikombe kimoja. Kikombe kimoja kinatosha kurudisha vidudu.

4. Osha bidoni kwa sabuni na kokoto ndogo, ukitikisa vizuri, kisha uisuuze kwa maji yaliyochemshwa. Hamisha maji yakiwa ya vuguvugu, juu maji ya moto yanakunja plastiki. Funga kizibo.

5. Kama asubuhi yangali na joto, weka bidoni iliyofungwa ndani ya beseni ya maji ya baridi, ama uizungushie gunia lenye maji pale kivulini, upepo uipige. Maji ya nje yasifike kwenye mdomo wa bidoni.

6. Pima joto kwa kiganja nje ya bidoni. Kidole kisiingie ndani. Kiganja kisiposikia joto, maji yako tayari.

7. Mimina kwa kuinamisha bidoni. Usichote na kikombe. Na maji yaliyobaki tumia siku ile ile.

Ongeza beseni moja ya maji ya moto kwa kusuuza chombo cha kukamulia, chujio na vibuyu, na kunawa mikono ama miguu ya wale wanaokamua. Maji safi hayawezi kuokoa pombe iliyokamuliwa ndani ya chombo kichafu.

Mahali ambapo kuni hazipatikani kabisa, kuna vidonge vya klori. Kidonge cha Aquatabs cha miligramu 67 ni cha bidoni ya lita 20 ya maji yasiyo na matope. Soma karatasi yake kwanza, maana viko vya vipimo mbalimbali. Kwa kunywa unangoja dakika 30. Kwa kasiksi ngoja mpaka kesho yake, bidoni ikiwa imefungwa, ili harufu ya klori ipungue na isiharibu ladha. Javeli ya sokoni haina nguvu moja kila mahali, kwa hiyo uliza kituo cha afya mbele ya kuitumia ndani ya maji ya kunywa.

Tufanye hesabu

Watu wanaogopa gharama juu hawajaihesabu. Tuihesabu pamoja. Tuchukue kasiksi ya lita 100: lita 60 za juisi na lita 40 za maji ya kuongeza, yaani bidoni mbili. Kwenye mafiga matatu, kuchemsha bidoni moja ya lita 20 kunakula karibu kilo 3 hadi 4 za kuni kavu. Kwa bidoni mbili tuseme kilo 8. Kwenye jiko la kuokoa kuni inaweza kushuka hadi karibu nusu.

Lita 100 ni vikombe 200 vya nusu lita. Kila mahali kuko na bei yake, lakini tuseme mzigo wa kilo 8 kwenu unauzwa franga 2 000. Gawanya kwa vikombe 200: ni franga 10 kwa kikombe. Hakuna mlevi anayeacha kunywa juu ya franga 10. Na kama wauzaji wote wakiongeza franga 50, zinaingia franga 10 000. Toa 2 000 za kuni, zinabaki 8 000 kwa kununua vyombo na kumlipa anayelinda moto.

Sasa wekeni pembeni yake hesabu ya pili. Wale walio ndani ya MUSO wanajua kisanduku chekundu, kile cha kusaidiana katika ugonjwa na msiba. Fungueni daftari lake la mwaka huu, muhesabu ni mara ngapi mlitoa pesa juu ya kuhara, serumu na tifoidi. Kila kikundi kiko na namba yake. Namba hiyo ndiyo gharama ya maji mabichi. Tunailipa tayari, isipokuwa tunailipa kwa kuchelewa, na mara nyingine pamoja na jeneza.

Ninachoomba koperative

Najua wengine watauliza kwa nini gazeti la wakulima linaongea juu ya pombe. Wachungaji wetu wataguna, na wamama ambao wababa wao wanamaliza pesa kilabuni wako na haki ya kuguna zaidi. Simwambii mtu anywe. Lakini ndizi za pombe ni sehemu kubwa ya mashamba yetu, na kwa nyumba nyingi kasiksi ndiyo inalipa minerval ya watoto. Kazi inayolisha nyumba nyingi namna hii haifai kuachwa gizani ati juu tunaona haya kuiandika.

Kuna wanaosema dawa ni kuikataza. Kikombe kikikatazwa hapa kinauzwa nyuma ya nyumba, usiku, na maji yake yatakuwa mabaya kuliko ya leo. Naona ni bora kuiweka mwangaza na kuipa kanuni.

Kwa hiyo naomba kila komite iweke mambo matatu kwenye mkutano mkuu unaokuja.

La kwanza ni vyombo. Koperative inunue sufuria kubwa moja ama mbili zenye kifuniko, ijenge jiko la kuokoa kuni, na itafute bidoni za mdomo mdogo ambazo ni za maji ya kuchemshwa tu, zenye alama ya rangi ili asije mtu akaweka mafuta ama petroli. Kama tuna mashine ya kusaga ya pamoja, kwa nini tusiwe na jiko la maji la pamoja? Mama anayekamua kesho analeta kuni zake ama pesa yake leo jioni, na asubuhi anachukua maji yaliyopoa.

La pili ni bei moja. Wauzaji wa kijiji wakae pamoja, wakubaliane nyongeza moja, waianze siku moja. Asiachwe mama mmoja kupanda peke yake akaanguka. Na wababa, ambao ndio wanywaji wakubwa, waiunge mkono mbele ya watu. Kama baba anakunywa vikombe vitatu, hawezi kukataa mchango wa maji yake mwenyewe.

La tatu ni kanuni ya kuanzia. Kila salongo, kila mkutano, kila arusi ama kilio ambacho koperative inachangia kinywaji, maji ya kuongeza yawe yamechemshwa, na komite iulize mbele ya kulipa: yalichemshwa lini, yalipoa wapi? Mutobe wa watoto uanze kabla ya yote. Kama tunashindwa kufanya mengine mwaka huu, tufanye hilo.

Vikundi vitakavyojaribu, andikeni hesabu zenu: bidoni ngapi, kuni kilo ngapi, bei gani, na kisanduku chekundu kilitoa kiasi gani mbele na nyuma ya kuanza. Mtupe karatasi hizo kupitia animateri wenu ili wengine wazisome hapa. Majira ya ndizi nyingi yako mbele yetu, na mashimo ya kuivishia yataanza kujaa. Kabla ya shimo la kwanza kufunuliwa, komite ijue sufuria iko wapi na nani analeta kuni.